Vyoo Tulivyopitia Mimi na Motari

Jumatano, 12 Machi

Leo Motari amefungwa plasta ya kwanza, miguu yote miwili, kuanzia vidoleni mpaka mapajani. Ana miezi minne. Alizaliwa nyayo zikiangaliana, kama watu wawili wanaonong'onezana siri. Stanley, fundi wa plasta kwenye kliniki ya miguu huku Homa Bay, alimshika polepole sana, akawa anamwimbia kitu kwa Kijaluo, na Motari akalala katikati ya kufungwa.

"Mama Motari," akaniambia, "kila Jumatano tunabadilisha. Plasta tano au sita. Halafu tunakata mshipa kidogo hapa nyuma ya kisigino, tunafunga ya mwisho wiki tatu, halafu viatu. Huyu atatembea. Lakini nisikie vizuri. Plasta ikilowa inalegea. Ikilegea, mguu unarudi ulikotoka. Ukirudi sana, tunaanza moja."

"Mvua nitamkinga, daktari."

Akacheka. "Mimi si daktari. Na siogopi mvua ya Mungu. Naogopa mvua ya huyu mtoto mwenyewe."

Amenipa kitabu hiki niandike kila siku kama plasta ni kavu. Niliachia shule kidato cha pili lakini mwandiko wangu bado ni mzuri.

Sasa shida ni hii. Kurudi Migori tunabadilisha gari Rodi, tena Rongo. Mtoto wa plasta hakunjiki. Huwezi kumbadilisha nepi ukiwa umempakata. Lazima alale chali mahali palipo sawa, na haraka, kabla mkojo haujaingia ndani. Barabarani mahali hapo ni wapi? Ni chooni tu. Hotelini watakufukuza.

Rodi: choo nyuma ya hoteli ya chai. Mabati, shimo, sakafu ya udongo imelowa. Mlango unafungwa kwa kamba, na lazima mtu aishike. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na mtoto. Nimeishika kamba kwa meno.

Rongo: choo cha stage, pale kituo cha magari. Sakafu ya saruji inang'aa, maji yapo, sinki pana ya kunawia. Nikamlaza Motari juu ya sinki. Mzee anayelinda choo, Mkuria mmoja mrefu anaitwa Gisiri, akaja mbio na buti zake za mvua.

"Mama! Hiyo ni ya kunawa mikono. Hapa si maternity."

"Dakika moja tu, mzee wangu."

"Hiyo dakika moja ndiyo huvunja sinki."

Nimemaliza harakaharaka. Choo kizuri, mwenyewe ana roho mbaya. Plasta kavu.

Alhamisi, 13 Machi

Kavu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza jioni, kabla ya Sabato kuingia. Kavu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumeenda kanisani mimi na mama mkwe wangu, Nyakerario. Ninaishi naye hapa Migori, tunauza ndizi pamoja. Baba Motari, Onchiri, yuko Narok kwenye mashamba ya ngano, anarudi Agosti. Mama alimfunika Motari na leso moja, juu yake nyingine, juu yake kitambaa chake cha Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa. Kila mtu akija kusalimia mtoto, yeye anamwonyesha uso tu.

"Mama, atalowa jasho huyu," nikamwambia.

"Kuna baridi."

Migori haina baridi. Najua anaionea haya plasta.

Jumatano, 19 Machi

Plasta ya pili. Kwenye benchi nimekaa na Priscilla, ametoka Mbita na msichana wake wa miezi mitano, naye miguu yote miwili. Ni mwanamke wa kucheka mpaka wagonjwa wengine wanageuka.

"Nyar Kisii," ananiita hivyo, binti wa Kisii, "wewe humbadilisha wako wapi njiani?"

Nikamweleza kamba ya Rodi. Akacheka akalia.

"Kwa meno! Na ungepiga chafya je?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema wiki jana alimbadilisha binti yake kwenye nyasi kando ya barabara, mvua ikamkuta hapo, wakakata plasta na kuanza upya. Akaona ninaandika. "Hiyo ya vyoo iandike yote," akasema. "Wapi kuna mahali pa kumlaza mtoto, wapi hakuna. Uitume kwa group yetu. Wewe una mwandiko. Sisi tutakuimbia sifa."

Group ni ya kwenye simu, ya akina mama wa plasta, tuko kumi na wawili. Kwa hiyo leo nimetazama vyoo kwa macho mengine, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Homa Bay, choo cha sokoni upande wa ziwa. Vyumba vinne, viwili vina mlango. Kuna ukuta mfupi uliotoka, upana wa mkono, mtoto anatosha kama unamshika. Kuna dirisha la juu lisilo na kioo. Ukisimama wima unaona ziwa, na gugumaji limekaa juu yake kama shamba lililoamua kusafiri. Nilisimama pale muda mrefu kuliko haja yangu. Mtu akagonga. "Umezaa huko ndani?" Nikajibu ndiyo. Nje wakacheka.

Rongo: Mzee Gisiri alinitazama na kutazama sinki. Nikatandika gunia chini sakafuni. Akabaki mlangoni na buti zake. Kavu.

Jumapili, 23 Machi

Mvua usiku na mchana. Ndizi zinaiva haraka kuliko wateja. Kavu.

Jumatano, 26 Machi

Plasta ya tatu. Stanley anasema mguu wa kulia ni mtiifu, wa kushoto ni mwanasiasa.

Rodi, choo kipya cha kanisa moja, nimekigundua. Kasisi hayuko, mlinzi ni mama mzee anayesuka ukili. Ndani kuna giza safi. Nasema giza safi kwa sababu kuna giza chafu pia, pua yako inajua. Kuna benchi! Benchi ya kanisa iliyovunjika mguu mmoja, wameiegemeza ukutani. Motari alilala juu yake akiangalia mwanga ulioingia kupitia matundu ya misumari kwenye bati, madoa madogo madogo, akawa anayashika na hayashikiki. Nikamwacha ayashike. Gari mbili zimepita.

Priscilla ametuma sauti kwenye group, anasema Mbita kuna choo ambacho ukichuchumaa unasikia ziwa linapiga mawe chini yako, "kama mtu anakupigia makofi kwa kazi nzuri." Akina mama wote wametuma vicheko.

Ijumaa, 28 Machi

Kavu.

Jumatano, 2 Aprili

Plasta ya nne.

Nimelala garini tukipita mashamba ya miwa, nikaota kwamba vyoo vyote vya njia hii ni nyumba moja. Unaingia mlango wa Rodi unatokea Mbita. Unaingia wa Homa Bay unatokea Kendu Bay. Kila chumba kina dirisha, kila dirisha kina ziwa, na wanawake wamekaa tu, wametua mizigo, hakuna anayegonga. Watoto wamelazwa kwenye rafu kama mikate. Hakuna anayelia. Nilipoamka nilikuwa bado nasikia huo ukimya.

Rongo nimekuta kitu. Kando ya sinki, mbao pana imepigiliwa ukutani, imepigwa randa mpaka laini, na ubao mdogo pembeni mtoto asibingirike.

"Mzee Gisiri! Umetuwekea!"

"Sijakuwekea wewe," akasema, akiendelea kukwangua buti. "Nimewekea sinki. Mnaivunja."

Halafu nikiwa natoka akauliza, bila kuniangalia: "Wa kushoto unanyooka?"

Sijui alijua vipi ni wa kushoto. Nadhani alinisikia nikimwomba Mungu wiki jana nikiwa nimepiga magoti sakafuni.

Nimefuta pale nilipoandika roho mbaya, lakini kalamu ilikuwa nzito, bado inasomeka.

Jumamosi, 5 Aprili

Sabato. Leso mbili leo, si tatu. Mchungaji ametangaza Sabato ijayo watoto watawekwa wakfu. Mama ameandikisha Motari kabla hata sijainua mkono. Kavu.

Jumatano, 9 Aprili

Plasta ya tano. Stanley alipoitoa ya zamani aliniambia niangalie. Miguu imenyooka! Nyayo hazinong'onezani tena. Zimegeuka zinaangalia mbele, kila moja na mambo yake. Nimelia, Stanley akanipa pamba ya hospitali nijifute.

"Bado," akasema. "Sasa ndipo mguu hudanganya. Hii moja, labda na nyingine, halafu tunakata mshipa."

Nilimpigia Mama nikiwa njiani, nikamwambia miguu imenyooka. Akasema, "Yote miwili?"

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika yote.

Nilitoka sokoni saa kumi. Ijumaa tunafunga mapema, lazima kazi zote ziishe kabla jua halijatua: nyumba ipigwe deki, chakula cha kesho kipikwe, nguo zipigwe pasi, kila mtu aoge. Mama alirudi kabla yangu na mtoto. Nilipofungua mlango nimesikia harufu ya sabuni. Motari yuko kwenye karai, uchi, anacheka, anapiga maji. Kando yake ndoo, na ndani ya ndoo plasta, imelainika kama uji.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemwosha." Alikuwa na furaha usoni. "Mwezi mzima mtoto hajaguswa na maji miguuni. Ataingia Sabato hivyo? Atashikwa na mchungaji ananuka mkojo? Nimeloweka polepole, sijamuumiza. Na umesema imenyooka. Angalia, imenyooka!"

Ilikuwa imenyooka. Nilimtoa kwenye karai nikamweka kitandani, nikaanza kuangalia mguu wa kushoto. Hakuna kitu. Nikaangalia tena nikiwasha taa. Nikaona kidole gumba kimeanza kuelekea ndani. Kidogo sana, kama mtu anayegeuza kichwa usingizini.

Nimepiga simu. Stanley hakunikaripia. Angenikaripia ningejisikia vizuri zaidi.

"Imetolewa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Kila siku inayopita, unarudi. Ukingoja Jumatano tutaanza moja. Kesho niko zamu wodini. Mlete kesho."

"Kesho ni Sabato. Na kesho anawekwa wakfu."

"Mama Motari, mguu haujui siku."

Nilimwambia Mama. Sisi hatusafiri Sabato. Yeye hata kiberiti hawashi. Nikajiandaa kwa maneno. Nikayapanga moyoni yote niliyoweka tangu Machi: leso tatu, baridi ya Migori, haya yake. Alikaa kitandani akiwa na ule mguu mkononi, anausukuma kwa kidole kimoja, taratibu, unaenda, akiuachilia unarudi. Anausukuma, unarudi.

"Mimi ndimi niliyeutoa," akasema. "Nitaupeleka."

Jumamosi, 12 Aprili

Tumetoka alfajiri, mvua nzito. Mama amevaa gauni lake jeupe la Sabato na viatu vya kanisani, kama kwamba gari litatushusha madhabahuni. Mguu wa kushoto aliushika mkononi njia yote, hakuubadilishia mkono.

Stanley aliangalia akanyonya meno. "Wa kulia umevumilia. Wa kushoto umerudi kiasi cha plasta mbili. Si mwanzo. Mngengoja Jumatano ingekuwa mwanzo." Alifunga bila kuimba. Mama alisimama kichwani kwa Motari. Stanley alipomaliza akamwambia Mama, "Nyanya, hiyo bado ni mbichi. Mpaka kesho asikandamizwe, asikunjwe, asilowe."

"Nimesikia," Mama akasema kama mtoto wa shule.

Tulipofika Rodi Motari alikuwa amejaza nepi mpaka juu. Choo cha kanisa kimefungwa kwa kufuli, yule mama wa ukili hayuko. Ikabaki cha kamba, nyuma ya hoteli. Sakafu ilikuwa matope matupu. Plasta mbichi, huwezi kuilaza pembeni, huwezi kuishika vibaya, vidole vyako vinabaki ndani yake. Nilisimama pale na mtoto mikononi nikihisi joto linaanza kutelemka.

Mama aliingia nyuma yangu, akafunga kamba, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Halafu akakaa chini. Kwenye matope yale, na gauni jeupe. Alinyoosha miguu mbele, akaiunganisha vizuri, kama wanavyokaa wazee wetu wakichambua wimbi.

"Mlaze hapa."

"Mama, nguo yako!"

"Mlaze, mwanangu. Hiki ni kitanda."

Nikamlaza juu ya miguu yake, kichwa kwenye magoti, miguu ikielekea tumboni kwake. Nikapiga magoti. Nepi ikatoka, nikapangusa, nikakausha. Mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kwa nguvu, ikawa kama hakuna Rodi, hakuna barabara, sisi watatu tu ndani ya ngoma. Ndipo akaongea.

"Nilitaka wamwone."

"Nani?"

"Wote. Nimemfunika kwa sababu midomo ya watu inaingia mtotoni kabla hajawa na nguvu ya kujibu. Sasa amenyooka, nikasema leo nitamtoa leso zote, nitamwinua, waone miguu ya mjukuu wangu. Nilitaka kujivuna. Ni hilo tu. Sabuni ilikuwa kisingizio."

Miezi hii yote nimeishi na mtu nyumba moja na nimemsoma vibaya.

Akaweka mkono kwenye kichwa cha Motari. "Saa hizi mchungaji anawashika wenzake," akasema, na akafumba macho. Akaanza kuomba. Akamtaja kwa jina, Motari mwana wa Onchiri. Akamwambia Mungu kwamba mahali ni pabaya lakini mtoto ni mzuri. Akamwambia hakuja Sabato hii kwa biashara. Akaendelea, akamtaja baba ya Motari na ngano ya Narok, akaja kwa Stanley, akaja kwangu. Aliniombea muda mrefu.

Mlango ukapigwa. "Nyinyi! Mnaomba huko ndani? Sisi huku nje ndio tunahitaji maombi!"

"Subiri, mama," Mama akajibu akiwa amefumba macho. "Karibu amina."

"Basi fupisha, nyanya, mimi nitatoa sadaka hapa hapa!"

Nikaanza kucheka. Mama naye akacheka, miguu yake ikatikisika, na Motari juu yake akatikisika, akacheka pia bila kujua ni nini. Amina tulisema watatu, mmoja akiwa nje.

Nimeandika kwa ajili ya group: Rodi, nyuma ya hoteli. Hakuna mahali pa kumlaza mtoto. Nenda na mama mkwe.

Jumapili, 13 Aprili

Plasta imekauka. Mama ameloweka gauni mara tatu. Rangi ya udongo haitoki. Analianika nje mbele ya kila mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Stanley amesema tusije wiki hii, tuiache ishike. Kavu.

Jumamosi, 19 Aprili

Kanisani bila leso. Mama amewaambia wote, "Hiyo ni plasta. Aliyetaka kuuliza aniulize mimi." Hakuna aliyeuliza sana. Mzee Jeremiah wa kwaya ameandika jina lake kwenye plasta kwa kalamu. Kavu.

Jumatano, 23 Aprili

Wa kushoto umenyooka tena, umekaribia pale ulipokuwa. Plasta tena. Priscilla amenikumbatia kwenye benchi. Amesema ujumbe wangu kuhusu mama mkwe umesomwa mpaka Kendu Bay, kuna mama huko anauliza kama Nyakerario anakodishwa.

Jumatano, 30 Aprili

Wamekata mshipa. Kitobo kidogo, kama mwiba ulipopita. Motari alilia sauti ambayo sijawahi kumsikia, halafu akalala ghafla. Njia yote nilikuwa natazama kama anapumua. Wiki tatu sasa.

2 Mei

Kavu.

3 Mei

Kavu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeenda Ndhiwa kufuata ndizi, nikamwacha Motari na Mama. Choo cha sokoni: kisafi, mlango mzima, benchi, maji. Nilisimama ndani peke yangu na mikono mitupu, sikujua niifanye nini.

Ijumaa, 9 Mei

Kavu. Mama amemfuta na kitambaa kilichokamuliwa, uso na shingo na mikono, akaishia pale plasta inapoanzia. Halafu akanitazama kuona kama nimeona.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inapungua. Nimeota nimeitoa plasta na ndani hakuna miguu, kuna maji tu. Mama amesema maji ni baraka. Sina hakika. Kavu.

Jumatano, 21 Mei

Stanley amekata plasta ya mwisho. Ngozi ilikuwa inatoka magamba kama kitunguu, lakini miguu, Mungu wangu. Akaikunja juu, akaikunja nje, ikaenda kote alikotaka. Wa kushoto pia. Akamvalisha viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, akaniambia saa ishirini na tatu ndani, saa moja nje kwa kuoga, miezi mitatu, halafu usiku tu kwa miaka. "Ukichoka na kuviacha, mguu unarudi. Hauna haraka, lakini hausahau."

Kliniki leo haikuwa na maji. Akasema, "Saa yake moja utachagua wewe, nyumbani."

Nilitaka kungoja nyumbani, kweli. Mama alikuwa anasubiri, amechemsha maji tangu asubuhi, najua. Lakini Rongo niliposhuka nikajikuta ndani ya choo cha Mzee Gisiri, nafungua kamba za viatu.

"Zimetoka?" akauliza mlangoni.

"Zimetoka, mzee."

Akafungua bomba yeye mwenyewe, akapima maji kwa mkono, akaondoka. Nikaosha. Vidole kumi, kimoja kimoja. Motari alitulia sana, akisikiliza maji kwa miguu yake.

Halafu nikamshika makwapani, nikamteremsha, nikamgusisha sakafuni. Kidogo tu. Hawezi kusimama bado, nilikuwa nimembeba uzito wote. Nilipomwinua, saruji ilikuwa na nyayo mbili. Zimekamilika. Kisigino, ukingo, vidole vitano, na vitano. Nilikuwa sijawahi kuona kisigino chake kikigusa dunia.

Nikampigia Mama simu nimwambie, hakupokea, labda alikuwa na wateja. Nikasimama tu nikiziangalia.

Wakati huo basi likaingia stage, la watu waliotoka kwenye matanga, wanawake wakaja mbio wakishika matumbo na marinda. Wa kwanza, mama mnene mwenye kofia ya kanisa, alifika mlangoni akaziona nyayo chini, akaona mtoto mikononi mwangu anachuruzika maji. Akainua rinda, akazunguka. Wa pili akazunguka. Hakuna aliyeuliza, walikuwa na haraka zao, lakini wote walipita pembeni, karibu na ukuta, mmoja nyuma ya mwingine.

Nyayo zikaanza kukauka, vidole kwanza, halafu ukingo, visigino vikabaki mwisho. Vikaisha. Na mama wa mwisho kwenye foleni, ambaye hakuwa ameona kitu, naye alifika pale, akawatazama wenzake walikopita, akazunguka.